Nilivyoanza kazi ya misimbo ya matibabu baada ya kufika miaka hamsini

Tangu ndugu zangu wa Dar es Salaam wasikie kwamba nafanya kazi ya mambo ya hospitali huku Marekani, nimekuwa daktari wa ukoo bila kusomea. Mtu anapimwa Amana au Temeke, kabla hajafika nyumbani picha ya karatasi ya majibu imeshaingia kwenye simu yangu, na chini yake: "Kaka, hebu niangalizie hii." Nawajibu kwamba mimi sitibu mtu, sipimi mtu, na mgonjwa mwenyewe simwoni. Nasoma alichoandika daktari, nakigeuza kuwa namba, ndiyo msimbo huo, namba inakwenda bima, bima inalipa au inakataa. Basi. Shangazi yangu mmoja alinisikiliza hadi mwisho akasema, "Kwa hiyo we mwanangu bado karani." Sikuwa na la kumpinga.

Ukarani huo ndio nitakaousimulia. Wa rika langu ni wengi huku ughaibuni, viuno vimewachoka kwa kunyanyua watu kwenye nyumba za wazee, na wananipigia kuulizia hii kazi ya kukaa nyumbani na kompyuta. Wengine wameshaona matangazo yenye ahadi tele. Kwenye simu naishia nusu, shifti ya mtu inaanza, mazungumzo yanakatika. Acha niandike yote mahali pamoja.

Dar nilikuwa wakala wa forodha. Kontena likishuka, mimi ndiye ninayehangaika na makaratasi yake: ankara, hati ya shehena, tamko la forodha, na juu ya yote namba ya ushuru ya kila bidhaa. Karibu dunia nzima inatumia mfumo mmoja wa namba hizo. Tarakimu sita za mwanzo ni zilezile Mombasa na Rotterdam, na sisi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tunaongeza mbili. Ukiweka namba isiyo yake, mteja analipa zaidi, au analipa pungufu halafu faini inamfuata baadaye. Nilizama kwenye kazi ile mpaka nikiingia dukani naona namba kabla ya bidhaa.

Marekani nilikuja kwa grini kadi ya bahati nasibu, nikiwa na miaka arobaini na kitu, tai mbili, na barua za kunisifu kutoka kwa wateja wa bandarini. Minneapolis haina bahari. Barua zile zikalala kwenye bahasha, nami nikafanya walichofanya wengi walionitangulia: nikachukua kozi ya usaidizi wa wauguzi, ambayo kwa sheria ya nchi haipungui saa 75, nikaingia nyumba ya kulelea wazee. Hiyo ndiyo kubeba boksi kwetu Minnesota, ila boksi hili lina jina, lina wajukuu, na saa nane za usiku linakuita mama. Niliipenda kazi ile kuliko nilivyotarajia. Mgongo wangu haukuipenda. Nilipofika miaka 52 daktari akanipa karatasi inayosema nisinyanyue kitu kizito, na kwenye nyumba ya wazee karatasi hiyo ni barua ya kuachishwa kazi iliyoandikwa kwa adabu.

Kilichonionyesha njia ni bili. Vuli ya 2021 nilikuwa nakwenda kliniki kufanyishwa mazoezi ya mgongo, mara bima ikarudisha madai, haitalipa. Nikapigia kliniki, wakasema ongea na bima. Nikapigia bima, wakasema ongea na kliniki. Aliyekaa huku mwaka mmoja anaijua safari hiyo. Nikakaa na karatasi mezani. Pembeni ya kila tarehe palikuwa na namba mbili, 97110 na M54.5. Ya kwanza ni huduma, yaani mazoezi ya tiba. Ya pili ni tatizo lenyewe, maumivu ya kiuno. Nikaitafuta hiyo ya pili mtandaoni, na jibu likaja haraka: M54.5 ilikuwa imefutwa tarehe 1 Oktoba mwaka huohuo. Mahali pake zimewekwa tatu, M54.50, M54.51 na M54.59, kila moja na maelezo yake. Kliniki ilikuwa bado inapeleka ile ya zamani.

Nilicheka peke yangu. Bandarini, kila tarehe 1 Julai mabadiliko ya ushuru wa Jumuiya yakianza kutumika, hawakosekani mawakala wanaojaza namba za mwaka jana, na mizigo yao inakaa. Nikampigia tena yule dada wa kliniki, nikamwambia namba yao inahitaji tarakimu moja zaidi. Akaniuliza, "Kwani wewe ni mtu wa kodingi?" Yaani mtu wa kuweka misimbo. Nikamwambia hapana. Usiku ule nikaanza kuulizia inasomewa wapi.

Nilijiandikisha chuo cha jamii, masomo ya jioni. Darasani wenzangu wengi walikuwa wa umri wa binti yangu, na binti yangu mwenyewe, aliyekuwa chuo kikuu wakati ule, alipoona vitabu nilivyorudi navyo aliniuliza, "Baba, hivi vyote ni vya kukariri?" Swali zuri, maana ndilo linalowatisha watu wazima wengi. Jibu ni hapana. Kitabu cha misimbo ya magonjwa, ICD-10-CM, kina misimbo zaidi ya 70,000. Hakuna binadamu anayevikariri vitu hivyo, na mtihani wenyewe unaruhusiwa kuingia na vitabu. Kinachopimwa ni kama unajua kukisoma kitabu.

Asili yake ni ya zamani kuliko nilivyodhani. Mfaransa Jacques Bertillon aliwasilisha orodha ya kimataifa ya sababu za vifo kwenye mkutano wa Chicago mwaka 1893, na baadaye kazi hiyo ikawa chini ya Shirika la Afya Duniani. Toleo la kumi lilipitishwa mwaka 1990. Marekani, kwa kumbukumbu za magonjwa ya hospitalini, ilisubiri hadi tarehe 1 Oktoba 2015, na ilipoingia ikaingia kwa kishindo: kutoka misimbo kama 14,000 ya toleo la tisa hadi kwenye hilo lundo la sasa. Huduma zina kitabu chake, CPT, cha Chama cha Madaktari cha Marekani, kilichotoka mara ya kwanza mwaka 1966. Cha tatu ni HCPCS, cha vifaa, dawa za sindano, magari ya wagonjwa na mengineyo. Ukivibeba vyote vitatu pamoja, na mgongo wangu huu, unaelewa kwa nini nilinunua begi la magurudumu.

Wingi wa misimbo umezaa vichekesho. W61.33XA ni kudonolewa na kuku, ziara ya kwanza. Mke wangu, aliyekulia Korogwe katikati ya kuku, hakuamini mpaka nilipomfungulia ukurasa. Ipo pia Z60.3, ya mtu anayepata shida kuzoea utamaduni mpya. Hiyo wangeweza kuipiga muhuri kwenye pasipoti zetu sote pale uwanja wa ndege.

Mambo mengi ya darasa lile nilikuwa nimeshayafanya, ila kwa kontena. Mtu wa forodha hufundishwa siku za mwanzo kwamba vichwa vya sura ni vya kukuelekeza tu. Kinachoamua ni maneno ya kifungu na maelezo yaliyowekwa mwanzoni mwa sura. Chukua mitumba, 6309. Kila mtu anadhani anaijua. Lakini maelezo ya sura ya 63 yanataka nguo iwe na dalili za wazi za kuvaliwa, na iwe imekuja imerundikwa au kwenye marobota, magunia na vifungashio vya namna hiyo. Nguo mpya ukiifunga kwenye robota haigeuki mtumba. Au pikapu ya kabini mbili: ni gari la kubeba watu, 8703, au la mizigo, 8704? Nimeshuhudia watu wazima wakipandishiana sauti juu ya hilo mbele ya ofisa wa forodha, kwa sababu kati ya namba moja na nyingine kuna pesa.

ICD ni hivyohivyo. Unaanza kwenye faharasa ya herufi, lakini hairuhusiwi kuishia hapo. Lazima uende kwenye orodha yenyewe, usome juu ya msimbo na chini yake, kwa sababu ndipo yalipokaa maelekezo: hapa haihusu kitu fulani, kile weka kwanza, hiki ongeza. Kuna aina mbili za "haihusu". Ya kwanza inamaanisha misimbo hii miwili haikai pamoja kabisa. Ya pili inamaanisha huu si wake, ila mgonjwa akiwa na yote mawili, andika yote mawili. Vijana wa darasani walikuwa na haraka. Wanaona neno kwenye faharasa, wanachukua namba, wanaruka. Mimi miaka yote ya bandarini nilikuwa nikilipwa kwa kutoruka. Kwenye macho walinishinda, na kwenye kompyuta wakanishinda mbali. Kwenye kusoma maandishi madogo ya chini ya ukurasa nilikuwa nyumbani.

Sipendi kumdanganya mtu kwamba uzoefu wa zamani unasaidia tu. Wangu wa pili, ule wa nyumba ya wazee, ulisaidia na ukasumbua, na hapa nataka nikae kidogo.

Mwalimu wetu, mama mmoja aliyefanya kazi hii kabla ya kompyuta, alitupa faili la kufanyia mazoezi. Mgonjwa mzee, amelazwa kutoka nyumbani. Daktari ameandika: kidonda juu ya mfupa wa chini ya mgongo, endelea kusafisha na kufunga. Muuguzi, kwenye karatasi yake, ameandika kwa kirefu zaidi: kidonda cha mgandamizo, daraja la tatu, upana na kina vimepimwa, mafuta ya chini ya ngozi yanaonekana. Swali: weka msimbo.

Mimi nimewageuza wazee kila baada ya saa mbili, usiku kwa usiku, kuwaepusha na kitu hichohicho, kidonda cha kulalia upande mmoja muda mrefu. Nakijua kwa macho na kwa harufu. Daraja la kwanza ni wekundu usiopotea ukibonyeza, la pili ngozi imechubuka, la tatu umeshafika kwenye mafuta, la nne unaona msuli au mfupa. Msimbo wake nilikuwa nao mkononi, L89.153. Na kanuni inasema huwezi kuuweka. Daraja la kidonda unaweza kulichukua kwa muuguzi, hilo limeruhusiwa waziwazi. Lakini kwamba kidonda ni cha mgandamizo, hilo ni la kusemwa na daktari au mtoa tiba mwenye dhamana ya kutambua ugonjwa, na huyu daktari kaandika "kidonda" tu. Kidonda cha nini? Kisukari? Jeraha? Hakusema. Muuguzi kusema hakutoshi, na mimi kujua ndiyo kabisa.

Unachofanya ni kumwandikia daktari kumuuliza, na kuuliza kwenyewe kuna adabu zake. Huruhusiwi kumlisha maneno. Huwezi kuandika, "Daktari, hiki si kidonda cha mgandamizo daraja la tatu?" Unamwekea yaliyoandikwa kwenye faili, vipimo, maelezo ya muuguzi, kisha unamwomba aeleze aina ya kidonda kwa maoni yake ya kitabibu. Haitajwi pesa hata kidogo.

Na pesa ipo. Tangu tarehe 1 Oktoba 2008, bima ya serikali ya wazee, Medicare, iliacha kuilipa hospitali nyongeza kwa kidonda cha mgandamizo cha daraja la tatu au la nne kilichompata mgonjwa akiwa wodini. Ndiyo maana kwenye madai ya kulazwa kila ugonjwa una alama yake: mgonjwa alikuja nao, au umempata hapa? Herufi moja tu, lakini inaamua kama hospitali imepokea tatizo au imelizalisha. Mama yule alituambia hapo ndipo watu wanaposhikwa, maana wa hospitali angependa herufi moja na wa bima angependa nyingine, na wewe karani hutakiwi kupenda yoyote.

Kule kwenye nyumba ya wazee tulikuwa tunaambiwa kila shifti: kisichoandikwa hakikufanyika. Nililichukulia kama neno la kututisha ili tujaze fomu. Kumbe kulikuwa na mtu upande wa pili, anayesoma fomu zile na kuziishi.

Lakini usije ukadhani kanuni yote ni "amini karatasi, funga akili". Kitabu nacho kina dhana zake. Daktari akiandika kisukari cha aina ya pili, na mahali pengine kwenye ziara hiyohiyo akaandika ugonjwa sugu wa figo, bila kusema kimoja kimesababisha kingine, kitabu kinakuamuru uviunganishe: E11.22, halafu unaongeza msimbo wa hatua ya figo kutoka N18. Huviunganishi pale tu daktari anaposema wazi kwamba havihusiani. Presha na figo hali kadhalika. Tena ziko kanuni zinazobadilika kwa kuvuka mlango tu. Mgonjwa wa kuja na kuondoka, daktari akiandika "huenda ni nimonia", nimonia huiandiki, unaandika kikohozi na homa. Mgonjwa aliyelazwa, "huenda ni nimonia" hiyohiyo ikiwa imebaki hadi siku ya kuruhusiwa, unaiandika kana kwamba anayo. Usiniulize mantiki. Forodha nayo haikuwa na mantiki kila siku. Ilikuwa na kanuni, na aliyezijua alitoa mzigo.

Mtihani nilioufanya ni wa cheti cha CPC, cha AAPC, chama cha watu wa misimbo kilichoanzishwa mwaka 1988. Siku hizi ni maswali 100 kwa saa nne, na kufaulu ni asilimia 70. Ukigawanya, unapata dakika mbili na nusu hivi kwa swali, na baadhi ya maswali ni ripoti nzima ya upasuaji. Kwa mtu wa umri wangu adui ni saa, kuliko ugumu wa maswali. Nilivipanga vitabu vyangu kwa vibandiko vya rangi na kupigia mistari kanuni ninazozisahau, na nikajizoeza kuacha swali linalonigandisha na kuendelea. Miwani nilibadilisha kwanza. Nasema kwa uzito kabisa, kapime macho kabla ya kulipia mtihani. Na kama hukusoma baiolojia karibuni, chukua somo la mwili wa binadamu na istilahi za tiba peke yake, kabla ya kugusa misimbo. Waliolifanyia haraka somo hilo darasani kwetu ndio waliokuwa wakihangaika mwishoni.

Nilifaulu. Sasa nisikilize hapa, maana matangazo hayalisemi hili. Ukifaulu bila uzoefu wa kazi, cheti chako kinakuja na herufi A mwishoni, CPC-A, yaani mwanagenzi. Kuiondoa kunataka miaka miwili ya kazi, ingawa masomo ya ziada yanaweza kupunguza muda huo. Na karibu kila tangazo la kazi linataka uzoefu wa miaka miwili. Wanataka uwe umefanya kazi ndipo wakupe kazi. Ile ya kukaa nyumbani ndiyo kabisa, wanampa mtu waliyemwona ofisini akafanya vizuri.

Kipindi hicho kilinichosha kuliko shule. Ukiongea na mwajiri kwa simu unasikia namna anavyopunguza mwendo akisikia lafudhi yako. Ukienda ana kwa ana unamwona anapiga hesabu za umri. Kuna kampuni moja, siitaji, iliyotaka nilipe kwanza "mafunzo ya kuunganishwa na waajiri", na fedha waliyoitaja ilizidi ada ya chuo. Sikulipa, lakini namjua dada mmoja wa Kinshasa aliyelipa na bado anawatafuta hao waajiri. Mwajiri wa kweli hakudai pesa ili akuajiri, iwe Kariakoo au Minnesota.

Niliingia kwa mlango wa nyuma: kazi ya kufuatilia madai yaliyokataliwa, katika ofisi inayowafanyia bili madaktari. Mshahara mdogo, sauti za watu wa bima sikioni kutwa. Ilikuwa shule nzuri kuliko shule. Mfano mdogo: mtu amekwenda kwa daktari kuangaliwa presha, dawa ikabadilishwa, na hapohapo akatolewa nta iliyoziba sikio kwa kifaa. Hiyo ni 69210 ya sikio, na 99213 ya kuonwa. Ukizipeleka hivyo zote mbili, bima inalipa sikio na inakataa kuonwa, ikidhani kuonwa ni sehemu ya shughuli ya sikio. Inahitajika nyongeza ya 25, alama ya tarakimu mbili inayobandikwa nyuma ya 99213, kuonyesha kwamba kulikuwa na kazi nyingine kamili, tofauti, siku ileile. Lakini uiweke tu kama kazi hiyo ipo kwenye maandishi ya daktari. Wapo wanaoiweka kila mahali kama chumvi, na wakaguzi wa bima wanawajua. Niliposoma madai ya kutosha yaliyokataliwa namna hiyo, nikaanza kuona litakalokataliwa kabla halijakataliwa, na mkuu wa kitengo akaanza kunipa mafaili ya kuweka misimbo mwenyewe. Herufi A ikaondoka baadaye, bila sherehe.

Sasa nafanyia nyumbani, Brooklyn Park, kwenye chumba ambacho zamani mke wangu alikuwa anahifadhia masufuria makubwa ya shughuli. Mwajiri alitaka chumba chenye mlango unaofungwa na kioo cha kompyuta kisichoonekana na mtu mwingine, kwa ajili ya sheria ya siri za wagonjwa ya mwaka 1996, ile ya HIPAA. Wageni wetu, mnajua wageni wetu, hawapigi hodi wakishaingia sebuleni. Kuwafundisha kwamba chumba kile hakiingiwi kulichukua muda kuliko kujifunza nyongeza ya 25. Kuna mzee mmoja hadi leo anaamini nafanya kazi ya serikali ya siri.

Siku moja lilifunguka faili, na jina lililokuwa juu yake nilikuwa nalijua. Ni mtu wetu wa hapahapa, tunakutana misibani na harusini. Niliona jina, nikaona na umri, nikafunga kabla jicho halijashuka. Utaratibu ni kumwambia msimamizi kwamba mgonjwa unamfahamu, faili linakwenda kwa mwingine. Dakika tano, yamekwisha. Jumamosi iliyofuata tulikaa meza moja kwenye send-ofu ya binti wa watu, akanitania kuhusu Simba na Yanga kama kawaida yake, nami nikamjibu kama kawaida yangu. Kazi hii ina upande huo ambao hauandikwi kwenye matangazo: mji ni mdogo kuliko unavyodhani, na sisi tunaoongea lugha moja ni wadogo zaidi.

Kuhusu fedha, sitazunguka. Takwimu za Idara ya Kazi za mwaka 2023 zinaweka mshahara wa katikati wa watu wa kumbukumbu za tiba, ambako sisi tumo, kwenye kidogo chini ya dola 49,000 kwa mwaka. Muuguzi aliyesajiliwa anatupita mbali. Mtu anayepiga dabo kila wikiendi kwenye nyumba ya wazee anaweza kunipita pia, hadi siku mgongo wake utakapomwambia kitu. Na kazi ina kipimo: mafaili mangapi kwa saa, na usahihi, ambao ofisi nyingi zinataka usishuke chini ya asilimia 95. Mkaguzi anachukua kazi zako kadhaa na kuzirudia. Asiyependa kukaguliwa atateseka.

Halafu kuna kompyuta. Programu zinazosoma maandishi ya daktari na kupendekeza misimbo zipo kazini tayari, na kwa kazi nyepesi, kama picha za eksirei, kuna mahali zinamaliza zenyewe. Kazi nyingine inapelekwa India na Ufilipino. Vijana wananiuliza kama ni busara kuisomea kazi inayofukuzwa namna hiyo. Nawaambia ninachokiona kutoka kwenye kiti changu: mapendekezo ya programu nayapokea mengi, na mengine nayafuta, hasa pale ambapo neno limo kwenye faili lakini si la leo, ni la historia ya mgonjwa, au ni la baba yake. Miaka ishirini kutoka sasa sijui, ila mimi sitafuti miaka ishirini. Mtu wa 54 hesabu zake ni nyingine. Wa 22 akiniuliza, namwambia aongeze na kitu kingine, ukaguzi au takwimu za afya, asikae kwenye misimbo tupu.

Wa rika langu wakinipigia nawauliza mambo machache kabla ya kuongelea ada. Je, unaweza kusoma kurasa tatu za Kiingereza kikavu bila kuchukua simu? Umeshawahi kufanya kazi ambayo maandishi ndiyo bosi: benki, forodha, mahakama, stoo, ualimu wa kusahihisha madaftari? Nyumbani wataelewa kwamba upo kazini wakati wanakuona umekaa? Mwalimu mstaafu mmoja kutoka Kisumu, mama wa miaka 58, alijibu yote ndiyo kwa haraka, nikajua huyu atafika, na sasa yuko kwenye mlango uleule wa madai yaliyokataliwa nilioingilia mimi. Kaka mwingine, dereva, alisema anachotaka ni kukaa tu apumzishe miguu. Nilimwelekeza kwingine.

Na vitabu: toleo jipya la ICD linaanza kazi kila tarehe 1 Oktoba, CPT kila tarehe 1 Januari, na mtihani unakwenda na matoleo ya mwaka husika. Vyangu vya mwaka jana viko gereji, vina vibandiko vyote. Anayetaka kuanza kuvizoea aje achukue bure, alete begi lenye magurudumu, ila siku ya mtihani itabidi anunue vyake.